Jukwaa Nililoliacha Wazi

Vidole vyangu vilianza tena kucheza, nikavikalia. Wanafunzi arobaini walinitazama, na mimi, mhadhiri mzima wa fasihi ya Kiingereza, nimeikalia mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. "Someni kimyakimya," nikasema. Tamthilia hiyo, jamani! Kimyakimya!

Vidole hivyo vilifundwa kwetu Kelantan, kaskazini mwa Malaysia, na Bi Semek, mwalimu wangu wa mak yong, mchezo wa jadi wa ngoma na maigizo. Katika mchezo huo mfalme huchezwa na mwanamke, na mfalme nilikuwa mimi. Jukwaa hufunguliwa kwa ubani na wali wa manjano, watu hucheza siku tatu, kisha mfalme hulifunga. Lisipofungwa, upepo wa mchezo humkaa kifuani, na haruhusiwi kucheza tena popote.

Siku ya pili ya mchezo wangu wa mwisho ilifika barua ya chuo kikuu. Mama alinivua taji kwa mkono wake. "Hili la karatasi," alisema. "Twende ukavae joho." Nikapanda basi la Kuala Lumpur na wanja wangu machoni, bila hata kumuaga Bi Semek.

Miaka ishirini na miwili nikafundisha michezo ya kuigiza bila kuinua mkono. Kila nilipoalikwa kuigiza nilikataa. Nina jukwaa wazi, nilijiambia, sina ruhusa. Nilibanwa, wallahi, hata pumzi ilinipaa.

Mwaka jana maji yakanifika shingoni. Nikabeba ubani na wali wa manjano mpaka Kelantan. Bi Semek alikuwa barazani, anachambua dagaa.

"Ee, mfalme! Mbona umenenepa hivyo?"

Nikapiga magoti. "Mwalimu, nimekuja kulifunga jukwaa."

"Jukwaa lipi tena?"

"Lile nililoliacha."

Akacheka mpaka akakohoa. "We mtoto we! Nilivaa taji lako siku ya tatu, nikalifunga jukwaa mwenyewe. Ulidhani tutakaa tunakungoja wewe?"

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Hukuwa na deni na mtu. Si ungekuja kuuliza?"

Nikainuka magotini. Tukaula ule wali kwa dagaa zake, nami nikalia huku natafuna.

Jumatatu nilirudi darasani. Faezah, wa kiti cha mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hebu tuonyeshe mfalme wa humu kitabuni anaingiaje."

Nikasimama. Mama alikwisha kufa, jukwaa lilikwisha kufungwa, mlangoni hapakuwa na mtu wa kunikataza. Vidole vikaanza.

Nikaketi, nikavikalia. "Someni kimyakimya," nikasema.