Gunia la Pumba Nyeusi

Tangu mume wangu Venance arudi kutoka semina ya mazingira akiwa amevaa fulana ya kijani, nyumba yetu ya Ifakara iligeuka ofisi ya serikali. Maganda ya ndizi yana ndoo yake. Chupa za plastiki zina kiroba chake. Mkaa ulipigwa marufuku, likaja jiko la bati linalotumia pumba za mpunga, nami nikawa napika huku nalia machozi mpaka nilipolizoea. Maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia nguo hayamwagwi ovyo. Yanakaa kwenye ndoo koridoni, na jioni bwana mkubwa anamwagilia mchicha alioupanda kwenye chupa zilizokatwa, akazining'iniza ukutani kwa waya.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," aliniambia siku nilipolalamika.

"Basi tumia chako na cha mama yako," nikamjibu. "Changu kinapika."

Mama yake, Mama Theodosia, alikuwa anaishi nasi. Alikuja kutoka Malinyi baada ya kuteleza kwenye ukingo wa jaruba la mpunga na kuvunjika nyonga. Mifupa ilishaungana, lakini kutembea peke yake bado. Ukimshika mkono anafika uani, usipomshika anakaa. Hizo ndoo za koridoni alikuwa hazipendi hata kuziona. "Nyumba yenye ndoo mlangoni ni nyumba ya msiba," alikuwa anasema, na mimi ndani ya moyo nilimuunga mkono, ingawa kwa mkwe mtu hasemi yote aliyonayo.

Chumba chake kilipakana na stoo. Katika stoo ndimo ulimokaa mpunga wetu wa mwaka mzima, magunia yamepangwa mpaka usawa wa kichwa, na mlango umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake Venance alitembea nao. Nyumba haina dari. Ukuta kati ya stoo na chumba cha mama unaishia juu kidogo ya mlango, kutoka hapo ni uwazi mpaka bati. Panya akikohoa huku, unamsikia kule.

Jumamosi jioni, wingu limeshaziba milima ya Udzungwa, Venance alirudi na gunia nyuma ya baiskeli. Nilimwona analiingiza stoo lisilowe na mvua, nikajua ni pumba za jiko, kama siku zote. Nikaendelea kukaanga samaki wangu.

Asubuhi tukamwandalia mama uji, tukamlaza upande ule usiomuuma, tukarudishia mlango wa mbele bila kuufunga, tukaenda misa. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika na njia yote ni tope. Kanisani tulipata nafasi katikati ya benchi, mimi nimebanwa kati ya mume wangu na Getrude, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Wakati wa mahubiri nikasikia harufu. Si moshi wa kuni, si wa sigara. Ni ule moshi mchungu wa pumba, na ulitoka kwenye mkono wa Venance. Nikamtazama viganja. Alikuwa amenawa, lakini kwenye mistari na chini ya kucha kulibaki weusi.

"Pumba ulizitoa wapi?" nikamnong'oneza.

"Nyuma ya mashine."

"Kwenye lile lundo?"

"Zile zilizoungua. Nyeusi ndizo nzuri kwa miche, walitufundisha." Akatabasamu, akidhani nimeanza kupenda kilimo.

Mtu wa mbali hawezi kujua lile lundo ni kitu gani. Kila mashine ya kukoboa mpunga hapa kwetu ina lundo lake la pumba, na kila lundo lina moto tumboni. Juu unaona majivu yametulia, kuku wanaparua pembeni, kumbe chini kunawaka wiki hata wiki, bila mwali na bila sauti. Mvua inanyesha juu yake, kesho unakuta linafuka. Watoto wetu tunawakataza lile lundo kabla hatujawakataza mto.

"Zilikuwa za moto?"

"Vuguvugu tu. Nilizimwagia maji ndoo nzima, nikachota."

"Ukazitia kwenye gunia. Ukafunga."

"Mke wangu, misa inaendelea."

Misa iliendelea kweli, lakini mimi sikuwa ndani yake tena. Nikaanza kujituliza. Alimwagia maji. Gunia limelala stoo usiku kucha na hakuna aliyesikia harufu. Halafu nikakumbuka kwamba usiku kucha kila mtu alikuwa amejifunika gubigubi kwa sababu ya mvua, na kwamba nyumba inayopikia pumba haiwezi kushtuka kwa harufu ya pumba. Nikamwona mama mkwe amelala ubavu, uso ukutani, ukuta ule ule. Padre alikuwa anasema jambo kuhusu mpanzi na mbegu, na mimi nilikuwa nahesabu nani yuko nyumbani mtaani kwetu saa hizi. Getrude yuko hapa. Watoto wake wako kwaya. Mtaa mzima uko hapa umevaa vizuri.

Nikatoa simu chini ya kitenge nikampigia mama. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Nipishe," nikamwambia Getrude.

"Kabla ya matoleo?"

Nilimkanyaga. Nilimkanyaga yeye na watu wengine wa benchi lile ambao hadi leo wananisalimia kwa tahadhari. Mzee wa zamu mlangoni alinyoosha mkono kunizuia, akaniona uso, akaushusha.

Dereva wa bajaji alikuwa kijana mstaarabu kupita kiasi. Kila dimbwi alilizunguka, bajaji yake isichafuke. Nikamwambia kuna mgonjwa nyumbani, akasema pole mama, akalizunguka na linalofuata. Ni hapo nilipogundua kwamba ufunguo wa stoo umebaki mfukoni mwa Venance. Nilishikwa na hasira mpaka meno yakagongana. Nilimkasirikia yeye, semina yake, fulana yake na kila chupa aliyoitundika ukutani kwangu. Chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu. Nilikuwa naomba, na sala yenyewe ilikuwa mbovu: Mungu, chukua mpunga wote.

Tulipokata kona nikaona moshi. Ulikuwa mwembamba, mweupe, unatoka chini ya bati upande wa stoo. Mtu akipita njiani angesema mwenye nyumba anapika. Hilo ndilo lililonivunja nguvu, kwamba huenda watu walipita na kusema hivyo hivyo.

Niliingia naita mama. Koridoni moshi ulikuwa umesimama kuanzia kiunoni kwenda juu, mchungu, unakwaruza koo. Nikafungua chumba chake. Kitanda kitupu. Fimbo yake imeegemea palepale tulipoiacha, na simu iko kando ya mto, imeandika namba yangu mara mbili.

"Niko huku," sauti ikasema kwa chini. "Inama."

Nikainama. Chini ya moshi, kwenye sakafu, Mama Theodosia alikuwa amekaa mbele ya mlango wa stoo, miguu ameinyoosha, khanga iliyoloweshwa ameifunga puani. Alikuwa amejiburuta kwa makalio kutoka kitandani. Pembeni yake kulikuwa na zile ndoo. Mbili tupu, ya tatu nusu. Mkononi alikuwa na chupa ya plastiki iliyokatwa, moja ya zile za mchicha zilizokuwa zinasubiri udongo, na alikuwa anachota maji ya kuoshea mchele na kuyamimina chini ya mlango. Anachota, anamimina. Sakafu ya stoo imeinama kuelekea ndani, kosa la fundi ambalo Venance alilinung'unikia miaka yote, na maji yalikuwa yanateremka kwenda kwenye gunia.

"Mama, tutoke."

"Linanguruma," akasema. "Nikiacha kumimina linanguruma."

"Acha lingurume."

"Mpunga wenu, mwanangu."

Nilimshika makwapa nikamburuta kinyumenyume koridoni kama gunia, na yeye chupa hakuiachia. Nilipomfikisha uani nikamkalisha kwenye mkeka ndipo nilipoona mikono yake. Ilikuwa bado inainamisha chupa tupu, inamimina. Nikaishika yote miwili, nikalia pale pale mbele yake, na aibu ya mkwe sikuikumbuka.

Venance alifika anakimbia, viatu vya kanisani mkononi, Getrude na nusu ya benchi letu nyuma yake. Alifungua kufuli kwa shida. Mlango ulipofunguka na hewa kuingia, gunia lile likawaka jekundu katikati, kitu kama jicho. Lilikuwa limetoboka upande mmoja na kumwaga makaa kwenye gunia la mpunga lililokuwa kando yake, ambalo kona yake ilikuwa imeshageuka nyeusi. Maji ya mama yalikuwa yamefanya kidimbwi, na kidimbwi hicho ndicho kilichokuwa kati ya moto na magunia mengine. Watu wakamalizia ndoo ya tatu, wakalihamia pipa la uani alimohifadhi Venance maji ya kufulia. Mpaka moto unakufa, hatukuwa tumegusa bomba.

Watu walipoondoka, Venance alivua ile fulana ya kijani aliyokuwa ameivalia ndani ya shati, akaiweka chini mbele ya mama yake.

"Basi," akasema. "Kesho nanunua mkaa. Hizi chupa natupa zote. Nilitaka kukuua, mama."

Nilimngoja mama aseme amina. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiandaa. Lakini Mama Theodosia alizitazama ndoo na lile pipa, vyote vimekwisha maji, akamtazama mwanawe.

"Kilichotaka kuniua ni haraka yako," akasema. "Ningemimina nini leo, kama ungekuwa unamwaga maji kama watu wengine? Chupa utupe, halafu? Jumapili ijayo nichote kwa kiganja?"

Venance akaiokota fulana, na mama akaendelea.

"Leta zile pumba."

Akazileta kwa koleo, zilizobaki, zimelowa zinanuka. Mama akamwambia azitandaze uani, nyembamba, kama mtu anavyoanika mpunga. Akatandaza. Akamwambia amwagie tena maji, ageuze, amwagie. Jua likazipiga mchana wote, na sisi tukakaa tunazitazama kama watu wanaomlinda mwizi. Kila nilipoona kamvuke nilisimama.

Jioni Venance akaleta gunia tupu na koleo.

"Ngoja," mama akasema. "Zimepoa?"

"Zimepoa, mama."

"Umejuaje?"

Akainama aziguse kwa vidole.

"Si kwa mkono. Mkono unagusa juu tu, ndivyo jana ulivyodanganyika. Baba yako alikuwa haweki jivu ndani kabla hajalikanyaga. Vua viatu."

Mume wangu, mtu mzima mwenye duka la vipuri vya baiskeli sokoni, akavua viatu mbele ya majirani waliokuwa wanachungulia. Akasimama ukingoni mwa weusi ule. Nilimwona anameza mate. Akaingia, mguu mmoja, halafu wa pili, akaenda polepole akitwanga kisigino kila hatua, mpaka mwisho, akageuka. Nilikuwa nautazama uso wake kila kisigino kinaposhuka.

"Baridi," akasema.

"Rudi upande ule ambao hukupita," mama akasema.

Upande ule ulikuwa mpana. Nikazivua ndala zangu, nikaingia na mimi.