Mashine Iliyofungwa Sakafuni

Mume wangu Jairus ameniletea mashine ya kufulia nguo, na mimi sina pa kwenda kuilalamikia. Hapa kijijini Hewani, kando ya mto Tana, wanawake wenzangu wanateremka mtoni na mabeseni kichwani, mie nazungusha kirungu tu na kukaa. Nikisema siipendi, wataniambia nimeshiba vibaya. Kwa hiyo nimenyamaza, na kunyamaza kwenyewe kumenichosha.

Jairus alifanya kazi maisha yake yote katika chumba cha dobi cha hoteli moja kule Malindi. Mashine za kule ziliyala masikio yake. Sasa ukitaka kumwambia jambo lazima upige kelele mpaka watu wa barabarani wajue, na kuna mambo mtu hawezi kuyapigia kelele. Alipostaafu alirudi na pikapu ya kukodi. Nikadhani ameleta kitanda. Kumbe ni dude la chuma, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, na kioo cha duara mbele. Bibi mmoja Mzungu alikuwa amelirithi kwa baba yake, na bibi huyo alipofariki ndugu zake wakataka kulitupa, Jairus akaliomba. Ni katika zile za mwanzo kabisa zilizojiendesha zenyewe. Jina la kampuni limefutika zamani.

Nitakueleza linavyofanya kazi, maana nimeelezwa mpaka nikakoma. Ndani mna mapipa mawili, moja ndani ya jingine. La nje ndilo linaloshika maji. La ndani limejaa matundu na limelala kidogo kwa nyuma, na lina mbavu tatu. Likizunguka, mbavu zinazoa nguo, zinazipandisha, kisha nguo zinaanguka zenyewe kwenye maji ya sabuni. Hazisuguliwi na kitu. Kule kuanguka ndiko kunakozifua.

Halafu kuna ile anayoiita saa, wala haikuambii ni saa ngapi. Ni mota ndogo inayozungusha ufito polepole sana, na kwenye ufito zimepangwa sahani ndogo zenye mapengo pembeni. Juu ya kila sahani kimekaa kidole cha chuma. Kidole kikitumbukia kwenye pengo, umeme unapita: hiki kinafungua maji, hiki kinazungusha pipa, hiki kinamwaga uchafu, hiki kinaingiza gia ya mbio ili nguo zikamuke. "Haina akili, Kahaso," Jairus huniambia kwa sauti kubwa, kana kwamba kiziwi ni mimi. "Ina mapengo tu. Aliyeikata mapengo ndiye aliyekuwa na akili." Anapenda sana kusema hivyo.

Na haina springi. Za siku hizi zimening'inizwa ndani, zinatikisika taratibu. Hii ikiingia mbio bila kufungwa inaweza kutoka mlangoni. Kwa hiyo Jairus alichimbua sakafu yangu ya udongo, akamwaga zege, akazamisha boliti nene kama dole gumba. Akainua tangi nje, akaweka pampu ya kuvuta maji ya mto, akayatia shabu ili matope yatulie chini yasizibe vali. Kazi yote hiyo aliifanya peke yake, mgongo ukimuuma. Siku ya kwanza ilipozunguka, aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, maana kwa masikio haisikii, akawa anasoma hatua zake kwa mkono: sasa inafua, sasa inamwaga, sasa inasuuza. Akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Sasa huendi tena mtoni," akasema.

Dada yake mdogo alichukuliwa na mamba pale pale tunapofulia, wao wakiwa watoto, naye akiwa ukingoni anaangalia. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo. Kwa hiyo nilimwambia asante, na niliimaanisha.

Sasa sikia tulivyokuwa tukifua. Kwetu hakuna mwanamke anayefua peke yake. Mmoja anainama kwenye gogo na nguo, mwenzake anasimama na upondo mrefu anaangalia maji. Huyo anaitwa mlinzi. Mlinzi haangalii kitu kingine. Hata ukimwambia nyumba yake inaungua, anakujibu macho yakiwa mtoni, maana mamba wa Tana hapigi hodi. Beseni likiisha mnapokezana. Mwenzangu mimi alikuwa Gladys, tangu tulipoolewa hapa mwaka mmoja, yeye kutoka Kipini na mimi kutoka upande wa Garsen. Ananiita shoga, namwita shoga.

Na kwa sababu mlinzi haangalii mtu, mtu unasema. Sijui kama unanielewa. Mwenzako yuko hapo karibu, anakusikia, lakini hakutazami usoni. Mimba yangu iliyotoka nilimwambia Gladys nikiwa nimeshika upondo. Yeye alinieleza kwamba mumewe ana nyumba nyingine Hola akiwa ameinama anasugua mashati ya huyo huyo mume. Mambo hayo hatukuyasema mahali pengine popote, wala hatukuyarudia tukipanda juu. Ikifika zamu ya mablanketi, hapo tunamwachia mamba mto wake, tunatoka mbali na maji, kila mmoja anashika ncha yake, tunasokota huku na huku mpaka tone la mwisho, na tunacheka kama wenda wazimu.

Mashine ilipofika nilimwambia Gladys, "Shoga, leta nguo zako, tutafulia kwangu." Nilidhani ni mamoja. Nilidhani tutahamisha gumzo tu kutoka mtoni hadi sebuleni.

Akaja amevaa leso mpya. Hilo peke yake lingenitosha kujua. Akaja pia na sabuni yake ya unga, akaimimina kama anavyoimimina kwenye beseni, asionekane amekuja kula cha mwenyewe. Mashine ile inataka sabuni kijiko, tena isiyo na povu jingi. Kufumba na kufumbua povu likatoka juu, likashuka mbele ya kioo, likatembea sakafuni mpaka chini ya viti. Jairus akakimbilia ndoo. Mimi nikacheka, nikitegemea Gladys acheke. Hakucheka. Alikuwa anaomba radhi, tena kwa ile sauti ya kuomba radhi kwa wakwe.

Tulipokwisha kupangusa, tukakaa. Basi ndiyo hiyo, tukakaa. Viti viwili vinatazamana, chai mezani, mashine inazunguka, mikono yetu haina kazi. Nilimtazama usoni, naye akanitazama. Akaniuliza habari za mwanangu Komora aliyeko Nairobi. Nikamwambia hajambo. Jairus akaja kumweleza mapengo ya sahani. Gladys akaitikia ndiyo, ndiyo, nzuri sana. Nguo zilipotoka, alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga haraka zile za ndani zikawa chini, zisionekane. Mtu ambaye tumefuliana kanga za uzazi.

Hakurudi. Nilimwalika, akasema ana safari. Nilimwalika tena, akasema sabuni imemwishia, nami mjinga nikamwambia sabuni ipo. Baadaye nikaona beseni lake likipita njia ya mtoni, na sikumwita. Nilijua anahitaji mlinzi. Nilijua vilevile kwamba nikiteremka, Jairus hatakula siku hiyo. Kwa hiyo nilikaa ndani, na masika yakapita nikiwa nimekaa ndani.

Sijui nikueleze vipi upweke wa nyumba yenye mashine. Nguo zinatoka safi, siwezi kudanganya. Lakini nilianza kuliambia pipa mambo yangu. Nakaa kwenye kigoda mbele ya kioo, naangalia shati la Jairus likipanda na kuanguka, nasema leo nimemwota mama, leo goti limeniuma. Siku moja nilimkuta Jairus amesimama mlangoni ananitazama midomo. Akauliza, "Unaimba?" Nikatikisa kichwa kukubali. Nililia jikoni baadaye, nisimwonyeshe.

Hapo nikaamua. Nilitaka mwenzangu anirudie, basi, sikutaka kingine. Nilingoja Jairus aende Garsen kutafuta mkanda wa mota. Nikatafuta nguo chafu nyumba nzima, hakuna. Mashine ilikuwa imezifua zote jana yake. Nikazoa mashuka safi kabatini, nikayatia kwenye beseni, nikateremka. Mwanamke mzima nabeba nguo safi kwenda kuzifua. Ungenikuta njiani ungesema nimerukwa na akili.

Kwenye gogo alikuwa Gladys ameinama. Na ukingoni, ameshika upondo, alisimama Sadia, mke wa Gollo, yule Morma wa jamii ya wafugaji anayetuuzia maziwa. Tangu mafuriko yalipowaondoa kule chini wanakaa jirani na Gladys. Kiswahili chake ni cha kuunga-unga, lakini alikuwa akisema bila kusita, macho yote mtoni, kama mlinzi anavyotakiwa. Nilisikia "mama mkwe yangu" na "mimi nilia peke yangu." Gladys alikuwa akisugua na kuitikia.

Sadia akasikia hatua zangu. Akanyamaza katikati ya neno.

Gladys akainuka, akajifuta mikono. "Karibu, Mama Komora," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo tukiwa mtoni. Akavua leso ya begani, akaitandika juu ya ukingo, mahali pakavu, mbali na tope. "Kaa hapo, usijichafue."

"Nimekuja kulinda," nikamwambia.

Akalitazama beseni langu. Mashuka meupe, yamekunjwa. Sikuwa nimekumbuka hata kuyakunjua. Heri angenicheka, angenitukana.

"Sadia analinda," akajibu, kwa upole kabisa. "Wewe leo ni mgeni wetu. Pumzika."

Nikakaa. Mgeni hakatai alichotandikiwa. Gladys akarudi kwenye gogo. Akamwambia Sadia kwa sauti ya chini, "Utanimalizia kesho," na Sadia akaitikia bila kugeuza kichwa. Wakafua. Niliuliza habari za maziwa, nikajibiwa vizuri. Niliuliza habari za maji, wakasema yanapungua. Walinijibu kila nilichouliza, na wao hawakuniuliza kitu.

Blanketi lilipofika, niliinuka nusu. Sadia alikuwa ameshauegemeza upondo kwenye kichaka na kushika ncha ya pili.

Nikaaga. Gladys akanisindikiza mpaka mwanzo wa njia, kama mtu anavyomsindikiza mgeni, akaniambia nimsalimie mzee. Nilipanda na beseni langu kichwani. Sikuwa nimefika hata kwenye migomba ya kwanza niliposikia sauti ya Sadia imeanza tena huko chini, haraka haraka, na Gladys akimwambia, "Enhe, halafu?"