Meko ya Zélie

Zélie alivaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kwa majira thelathini ya baridi mumewe, Odilon, alizitazama soksi hizo bila kuona haya. Kila Oktoba mwanamke huyo aliomba jambo lilelile: meko ya chumba cha chini, iliyokuwa ikirudisha moshi ndani tangu wainunue nyumba, iwekewe jiko la chuma ili joto lipande hadi jikoni. Kila Oktoba Odilon alijibu kwamba mwaka kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa lake.

Mwaka huu Zélie hakuomba. Mwezi Septemba daktari wa mji wa Edmundston aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba Zélie asingeiona Pasaka. Waliporudi nyumbani alimenya viazi vya mchuzi wa kuku kama kawaida. Odilon alibaki garini nusu saa nzima akiutazama mlango wa gereji, kisha akageuza gari akaenda kununua jiko.

Kulichomeka jiko ndani ya meko hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa sakafu ya mbele yake. Mtu wa bima alitaka mawe yatokeze nusu mita kutoka mlango wa jiko, ili kaa la moto likidondoka lisikute zulia. Odilon alibandua zulia, akavunja vigae vya zamani vilivyopasuka, akapanga mawe bapa ya kijivu aliyoyachagua mwenyewe, moja moja, machimboni. Kila jiwe alilipima kwa pimamaji mara mbili. Magoti yalimuuma, naye aliyafurahia maumivu hayo huku akijiona mjinga. Alitoboa pia sakafu ya jikoni, mbele ya kiti cha Zélie, akaweka wavu wa chuma wa kupitishia joto. Hakumwambia kwamba yote hayo ni kwa ajili yake. Alidhani mawe yangesema kwa niaba yake, maana yeye na maneno laini hawakuwahi kukaa meza moja.

Ijumaa alikuja Fidèle, mwenzake wa miaka mingi katika kiwanda cha karatasi, kumchanganyia saruji ya safu ya mwisho. Fidèle alikuwa mtu wa mzaha. Aliyatazama mawe, akapiga mluzi.

"Bwana wee, haya si mawe ya jiko, haya ni mawe ya harusi. Leo ndiyo umekumbuka kutongoza?"

Odilon aliinamia safu ya mwisho. Akilia mbele ya Fidèle, Jumatatu wazee wote wanaocheza nao karata wangekuwa na habari. Akaukaza mkono kwenye mwiko.

"Kutongoza nini? Nyumba yenye jiko la kuni inauzika upesi. Zélie akishaondoka nikae hapa na nani? Nauza, naenda zangu kwa binti yangu Moncton."

Fidèle alicheka kidogo, kicheko cha adabu, akaurudia mchanganyiko wake. Juu yao kiti kilisogea. Odilon aliinua kichwa, na kupitia wavu akaona nyayo za mkewe. Tundu linalopitisha joto hupitisha na maneno. Yeye aliyelikata hakuwa amelifikiria hilo.

Alipanda ngazi na saruji mikononi. Zélie alikuwa ametulia tu kitini.

"Wanunuzi wanakuja lini?" aliuliza bila ukali.

Hapo Odilon alisema yote. Kwamba hakuna nyumba ya kuuzwa, kwamba alimwonea aibu Fidèle, kwamba siku ile ya daktari alishindwa kushuka garini. Maneno yalimtoka yakigongana. Yalikuwa ya kweli yote, na yote yalikuwa yamechelewa.

Zélie alimsikiliza hadi mwisho.

"Miaka yote hii, Odilon, nikitaka kujua la moyoni mwako nilikuwa nasikiliza unavyoongea na wenzako. Mimi hukuwa unaniambia kitu. Sasa niamini lipi?"

Angekuwa anamkomoa, Odilon angejua la kujibu. Lakini mkewe alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyebakiwa na muda mchache wa kujua. Odilon alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Moto utawashwa lini?" Zélie akauliza baadaye.

"Lazima saruji ikauke kwanza. Siku tisa."

"Tisa." Alivuta blanketi hadi kidevuni, akamwomba amfungie dirisha, upepo unamwingia.

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu Septemba. Odilon alikwenda, akalifungua kidogo, akalifunga tena kwa kishindo ili mkewe asikie.

"Afadhali," alisema Zélie, naye alikuwa bado anatetemeka.