Mji Ulioitwa kwa Jina la Mke

Makori alipojenga shule hapa Ekerenyo, aliipa jina la mkewe. Shule ya Msingi ya Phanice. Mimi nilikuwa mwalimu wa kwanza kuajiriwa, na nilikuwepo siku Mwalimu Phanice alipooneshwa bango. Hakuwa ameambiwa. Alisimama pale langoni akifuta macho kwa kitambaa cha kichwani, na Makori akicheka kwa furaha kama kijana.

Walikuwa na mabinti wawili. Ndugu zake Makori hawakuchoka kumuuliza shamba la chai angemwachia nani. Mwaka wa saba wa shule, Valentine, karani wetu kutoka Kiogoro, akapata mimba, na ikajulikana ni ya nani. Mtoto akazaliwa wa kiume. Makori hakumfukuza mkewe kwa kelele. Alihamisha kitanda na masanduku ya Phanice hadi chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, kisha akamwambia asije tena shuleni, maana Valentine hangeweza kufanya kazi akitazamwa. Bango lilibaki vilevile. Wazazi walishalizoea.

Kilichomsalia Phanice ni darasa la watu wazima kanisani, siku ya Sabato. Robo ile ya mwaka tulikuwa tukisoma makanisa saba ya Ufunuo, na yeye alikuwa na desturi ya kueleza kwanza jina la kila mji. Filadelfia, upendo wa ndugu. Wazee walipenda sana mambo hayo.

Alhamisi kabla ya somo la Laodikia alikuja kwangu jioni, ameazima kamusi ya Biblia kwa mchungaji mmoja mstaafu huko Kisii mjini.

"Mama Ratemo, Laodikia maana yake nini?"

"Si wale watu vuguvugu?"

"Hiyo ni tabia yao. Nakuuliza jina." Alifungua daftari. "Kwa Kigiriki, laos ni watu, dike ni haki. Ndiyo maana wahubiri husema haki ya watu, au watu waliohukumiwa. Lakini mji haukuitwa hivyo kwa ajili ya haki. Uliitwa kwa jina la mwanamke, Laodike. Mfalme Antioko aliujenga akaupa jina la mkewe."

"Basi alimpenda."

"Huenda alimpenda. Baadaye akamwacha, akaoa binti wa mfalme wa Misri."

Nikauliza, "Na mji?"

"Mji ukaendelea kuitwa vile. Yohana anaandika barua yake zaidi ya miaka mia tatu baadaye, na jina ni lile lile." Akafunga daftari. "Mwisho wa hadithi yao ni mbaya. Huo sitausoma. Nitaishia kwenye jina."

Sabato ile hatukujua kwamba Makori na Valentine wangemleta mtoto abarikiwe. Walikaa benchi la mbele. Phanice alipowaona alishika meza, lakini akafundisha. Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliposema mfalme alimwacha mkewe, watu waligeuka kumtazama Makori, naye akainamisha kichwa. Nilidhani yameisha hapo.

Mzee Nyabuto, aliyeketi karibu nami, akainua mkono. Ni mzee mwema asiyesikia vizuri, na hakuwa na nia yoyote.

"Mwalimu, huyo mama baada ya kuachwa alifanya nini?"

Phanice alitazama daftari lake, kisha akamtazama mzee. Sijawahi kumwona akimdanganya mwanafunzi.

"Waandishi wa kale wanasema mfalme alimrudia," akajibu, "naye Laodike akampa mfalme sumu. Kisha yule mke wa pili akauawa, pamoja na mtoto wake."

"Mtoto wa kiume?"

"Wa kiume."

Valentine alimkumbatia mtoto, akapiga yowe. Makori akasimama. "Mmesikia wenyewe! Amesema mbele ya madhabahu!"

"Nimeulizwa," Phanice akasema. "Baba Kerubo, nimeulizwa tu." Alimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, kama alivyomwita siku zote. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama, na hakuna aliyemsikia.

Jumatatu tuliitwa kwa chifu. Niliulizwa kama Phanice aliniambia habari za sumu kabla. Makori alikuwa amekaa mkabala nami, mwajiri wangu, mikono magotini. Nikasema alikuja kwangu Alhamisi na kitabu, na kwamba alisema hadithi ina mwisho mbaya. Yote hayo ni kweli. Sikusema kwamba aliniambia hatausoma. Chifu aliandika. Phanice alinitazama mara moja, akatazama sakafu.

Aliandikishwa karatasi ya kuahidi kutokaribia boma wala shule. Kanisa likampa darasa mtu mwingine. Wiki tatu baadaye mtoto alishikwa na nimonia. Alitibiwa akapona, lakini neno kwamba amelogwa lilishaenea sokoni, na watu wakaanza kuvuka barabara wakimwona Phanice. Wenye kinu wakamwomba ahame kabla vijana hawajaja na petroli kumchoma. Aliondoka mchana, na mfuko mmoja.

Likizo ya Agosti nilikwenda Masimba, kwa Obwocha, kaka yake Phanice, alikohamia. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda akichambua mboga, amekonda. Mabinti walikuwa wamekata mawasiliano. Baba ndiye aliyewalipia chuo.

"Mwalimu," nikaanza, "siku ile kwa chifu..."

"Usiniite mwalimu."

"Ningesema yale mengine..."

"Hukusema."

Nikamuuliza kama anakwenda kanisani huko. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama tuombe pamoja, akaniambia niombe mimi nikitaka, yeye hana la kusema. Nilifumba macho, maneno yakanikataa. Nilipoyafumbua alikuwa ameegemea ukuta, mboga mapajani, akitazama moshi ukitokea mlangoni. Nilikaa hadi chai niliyopewa ikapoa. Hakuniambia niende, wala hakuniambia nibaki.