Programu Iliyomaliza Kabla ya Kuanza

Warsha ya watafiti wa kuharakisha programu za kompyuta ilitangazwa kuanza saa mbili asubuhi. Kufika saa nne ilikuwa bado, na hakuna aliyeona ajabu. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu ya jumba la kale huko Ndia Kuu, Mji wa Kale, lenye milango ya nakshi na hewa isiyotikisika, na humo mabingwa wa kasi walikaa wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Shekhe alikuwa ameshaomba dua, mchungaji ameshaomba sala, na picha ya pamoja imepigwa mara mbili kwa sababu ile ya kwanza ilimkuta Daktari Joab amefumba macho. Kilichobaki kilikuwa mgeni rasmi.

Mgeni rasmi, Profesa Kingi, alikuwa amelala ng'ambo ya kusini kwenye hoteli yenye upepo, na sasa alikuwa Likoni akingoja kivuko. Huyu ni mtu aliyeumaliza ujana wake akitafuta namna ya kuizuia kompyuta isingoje. Kwa elimu yake, amri moja ikikwama ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, nyingine hupita ubavuni na kazi ikaendelea. Likoni hakukuwa na ubavu wa kupita. Alituma ujumbe kuwa yu karibu kupanda, kisha akatuma mwingine kuwa kivuko kimejaa kimemwacha.

Kati ya wote waliomngoja, aliyengoja kwa roho juu ni Abdulbasit. Kijana huyu alizaliwa Kibokoni, akalelewa na shangazi yake Bi Fadhiya, na sasa alikuwa mwalimu wa chuo kimoja kisiwani, mwalimu wa kuitwa akihitajika na kusahauliwa asipohitajika. Chuo kilikuwa kimepata mashine kubwa ya hesabu na kikafungua maabara, ila maabara haikuwa na mkuu. Profesa Kingi ndiye angemchagua siku hiyo, kutoka miongoni mwa watakaosimama kueleza utafiti wao. Bi Fadhiya hakuona haja ya kungoja uchaguzi. Kibokoni nzima ilikuwa inajua kuwa mkuu wa maabara ni mtoto wao, na majirani walikwishaanza kumletea simu zao mbovu.

Na kwa nini asichaguliwe? Programu yake ilikuwa ya kukokotoa kujaa na kupwa kwa maji kuzunguka kisiwa, mwaka mzima, kila pembe. Zamani ilichukua muda wa mtu kunywa chai na kuosha kikombe. Abdulbasit akaipanga upya, ikawa inamaliza kabla kidole hakijainuka kwenye kitufe. Daktari Joab, msimamizi wake, aliuita muujiza, ingawa yeye ni mzee wa kanisa na neno hilo alipaswa kulitumia kwa uangalifu.

Watu wakapelekwa kwenye veranda kunywa chai, maana njaa haina itifaki. Hapo ndipo Sheryl alipomjia Abdulbasit na mahamri mkononi. Sheryl alikuwa mtafiti kama yeye, mkaazi wa Mbaraki, ametumwa na chuo kingine. Ratiba ilikuwa imemtupa mwisho kabisa, kwa sababu programu yake iliongeza kasi kidogo tu, kiasi cha mzee kukaza mwendo akisikia adhana.

"Bingwa wetu," Sheryl akasema, "hebu nifae na hiyo programu yako. Bamvua ijayo ni lini? Nataka maji yakipwa yaende mbali, niwapeleke watoto wa dada yangu wakaokote kombe."

"Hilo tu? Njoo uone." Abdulbasit akafungua kompyuta yake juu ya ukingo wa veranda, akabonyeza. "Imemaliza."

"Imesemaje?"

"Haisemi. Imemaliza."

"Haya, imemaliza, mashallah. Bamvua ni lini?"

"Sheryl, hii ni programu ya utafiti, si kalenda ya ukutani."

"Kwani imekokotoa nini kama haijui bamvua ni lini?"

Abdulbasit akacheka, kisha akaitazama skrini tena. Akaongeza mstari mmoja wa kuiamuru programu ichapishe jibu. Akabonyeza. Wakangoja. Sheryl akamaliza mahamri yake, akaenda kuchukua mengine, akarudi, wakangoja tena. Hatimaye jibu likatoka, na lilikuwa sahihi. Ila programu ilikuwa imechukua muda mrefu kuliko ile ya zamani iliyodharauliwa.

"Watoto watafurahi," Sheryl akasema polepole. Alikuwa ameshaelewa, na alikuwa na huruma ya kutosha kwenda zake.

Abdulbasit naye alikuwa ameelewa. Kuna kitu kinaitwa kompaila, nayo ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza amri za mashine. Kompaila za siku hizi zina akili ya mfanyakazi anayejua kuwa tajiri wake hakagui. Ikiona hesabu ambayo jibu lake halichapishwi wala halitumiwi popote, huifuta hesabu nzima, na haimpigii mtu hodi kumwarifu. Zamani hesabu ya maji ilikaa kwenye faili lake peke yake, kompaila haikuweza kuchungulia. Abdulbasit katika kupanga kwake aliihamishia pamoja na kipimo cha muda. Kompaila ikachungulia, ikaona hapana anayelitaka jibu, ikafagia. Saa ikabaki inapima ukimya, na ukimya una kasi kubwa mno.

Na kwa nini jibu halikuchapishwa? Kwa sababu ya adabu. Daktari Joab aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kuchapisha jibu kunachafua kipimo, kwa hiyo wachapishe baada ya saa kusimamishwa. Wanafunzi walishika nusu ya kwanza ya maneno hayo kama aya. Kisha kila mmoja akanakili kipimo kwa aliyemtangulia, kama watu wanavyorithi sufuria bila kuuliza ilipikiwa nini.

Abdulbasit akamkuta Daktari Joab kwenye ngazi, akiiweka sawa tai yake.

"Daktari, programu yangu haifanyi kitu."

"Bado ina kasi ile ile?"

"Ile ile."

"Sasa shida iko wapi?"

"Jibu hakuna, Daktari. Kompaila imeifuta hesabu yote."

Daktari Joab akatazama juu na chini, ngazi ilikuwa tupu. Akaushusha mkono wake begani mwa Abdulbasit. "Kijana wangu. Soma lile bango. Limeandikwa nini? Warsha ya kasi. Unaona mahali limeandika majibu?"

"Lakini profesa akiuliza..."

"Profesa anatoka Feri na jua la saa tano. Huyo hataki kuuliza, anataka maji baridi. Wewe onyesha mchoro wako, pokea makofi, chukua maabara. Jibu tutalitafuta tukiwa ndani."

"Na wakitaka kuitumia bandarini?"

"Basit, tangu lini utafiti wetu umetumika mahali?"

Hilo lilikuwa kweli.

Profesa Kingi akafika, shati limemganda mgongoni. Akaomba radhi, akatambulisha aliokuja nao, akatambulishwa kwa waliomngoja, itifaki ikazingatiwa, kisha ikazingatiwa tena na msemaji aliyefuata. Wa kwanza kupanda alikuwa Bonface, mwanafunzi mwingine wa Daktari Joab, na programu ya kupanga makontena. Ilipanga maelfu kwa kufumba na kufumbua. Ukumbi ukapiga makofi. Abdulbasit alimtazama Bonface akishuka, uso unang'aa, akajua kile kipimo kilikuwa sufuria ile ile.

Likaitwa jina lake. Alipanda akiwa hajui atasema nini, ila alijua kwamba akiueleza mchoro wake kama ulivyo atakuwa mwongo. Kwanza uongo wenyewe hata haukuwa wake, akajiambia, ni wa kompaila. Angenyamaza tu. Kunyamaza si dhambi, na maabara ingekuwa yake, na asingeitwa tena mwalimu wa akihitajika. Mchoro ukatokea ukutani: muda wa zamani umesimama kama mnara wa msikiti, wa kwake hauonekani kwa ufupi. Watu wakapiga makofi kabla hajafungua kinywa. Daktari Joab alipiga kuliko wote.

Pengine ni hayo makofi yaliyomwudhi. Mtu akisifiwa kwa kazi mbovu huweza kuvumilia. Kusifiwa kwa kazi isiyokuwepo kuna karaha yake.

"Huu ufupi mnaoupigia makofi," akasema, "ni kwa sababu programu haifanyi kazi yoyote."

Wakacheka. Walidhani ni mzaha wa Waswahili wa Mji wa Kale.

"Sifanyi mzaha. Nimeiambia ichapishe jibu. Tazameni."

Akabonyeza. Ukumbi mzima ukaangalia ukuta mweupe. Mtu akakohoa. Mwingine akauliza kama umeme umekatika. Profesa Kingi, aliyekuwa amengoja vya kutosha kwa siku moja, akatazama saa yake, akamtazama Abdulbasit, akatazama saa tena. Jibu likatokea.

"Hii ndiyo kasi yangu," Abdulbasit akasema. "Ni mbaya kuliko ya zamani."

"Kipimo ulikitoa wapi?" Profesa akauliza.

Abdulbasit akainama kuifunga kompyuta yake. Huko kwao mtu hamvui mwalimu wake nguo mbele ya wageni.

"Nauliza, ulikitoa wapi?"

"Nilikinakili, Profesa. Kosa la mwenye kunakili ni lake."

Lakini safu za nyuma kompyuta zilikuwa zimeshaanza kufunguliwa. Mmoja alibonyeza, akakunja uso. Mwingine akabonyeza, akafunga haraka kama aliyekuta nyoka. Bonface akasimama.

"Profesa, naomba radhi. Yale makontena. Hakuna hata moja lililosogea."

Kuanzia hapo warsha ikapata kasi ya kweli. Waliobaki kwenye ratiba walijitoa mmoja baada ya mwingine: huyu tumbo, yule faili limeingia virusi, wa tatu akakumbuka ana mazishi bara. Daktari Joab alikunywa maji chupa nzima bila kupumua.

Akabaki Sheryl. Akapanda na kasi yake ya mzee na adhana, na majibu yake yote yamechapishwa, marefu, yanachosha kuyatazama. Profesa akamwuliza, "Wewe kwa nini ulichapisha, na wenzako hawakuchapisha?"

"Nilitaka kuyaona, Profesa."

Maabara ikawa ya Sheryl. Hakukuwa na mwingine wa kupewa.

Daktari Joab alimpita Abdulbasit mlangoni bila kumwangalia. "Umetufungia warsha," akasema, "na hata hukunyamaza vizuri."

Watu walipoteremka uani kula, waliojitoa walikuwa wameshafika zamani kwenye sinia za biriani, na ilikuwa imebaki sufuria. Sheryl na Abdulbasit wakachukua kijiko mmoja mmoja, wakakwangua ukoko. Abdulbasit alikuwa na uchungu, na hakuona sababu ya kuuficha.

"Ningenyamaza, ingekuwa yangu."

"Ingekuwa yako," Sheryl akakubali. "Mimi ningerudi Mbaraki saa hizi." Akatafuna. "Utakuja kufanya kazi kwangu?"

"Sijui. Nina hasira."

"Njoo na hasira zako."

Abdulbasit akakwangua tena, akapata kipande cha nyama kilichosahaulika pembeni, akakitazama, akamwekea Sheryl upande wake wa sufuria.

"Hiyo hesabu yako," Abdulbasit akauliza, mdomo umejaa, "umeipima kasi mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi hujapima," akasema. "Lete kompyuta hapa."