Asilimia Sabini na Moja ya Mawingu

Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi setelaiti ilipita juu ya jengo la ofisi ya picha za anga, na dishi la kwenye paa likaifuata taratibu kutoka kusini hadi kaskazini, likilia kwenye maungio kwa sababu ombi la grisi lilikuwa bado halijajibiwa. Data iliteremka kwa waya hadi chumba cha kompyuta ghorofani ikiwa namba tupu. Kompyuta ya kwanza ilizipanga namba zikawa picha. Ya pili iliipa picha rangi na kuilaza juu ya ramani, mto juu ya mto, barabara juu ya barabara. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke aliyekaa karibu na dirisha, ambaye kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuondoa mawingu. Ofisi nzima ilimwita Mama Mawingu.

Aliyakata moja moja akifuata kingo zake. Wingu lililokatwa lilitokea nyuma ya mashine, likashuka sakafuni na kutulia chini ya meza, lenye ubaridi kidogo. Saa nne mfagiaji alipita na ufagio laini, akayasukumia kwenye viroba, akaandika tarehe juu ya kila kiroba na kuvipeleka stoo. Malalamiko pekee yaliyowahi kuandikwa kuhusu mawingu hayo yalitoka kwa mtunza stoo, naye alilalamikia nafasi.

Picha ya Jumatatu hiyo ilikuwa na mawingu asilimia sabini na moja. Mama Mawingu alipoyatoa yale yaliyofunika bonde, aliukuta mto haupo mahali pake. Ulikuwa umeacha kingo zake kule juu na kutanda mashambani, rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa unateremka kuelekea chini ya bonde. Kona mbili chini yake palikuwa na vijumba vya wachoma matofali na matanuri yao, ambayo kwenye picha yalionekana kama punje za mchele. Kaka yake alikuwa mwenyekiti wa wachoma matofali. Mama Mawingu alipima mwendo wa maji mara mbili na mara zote mbili akapata jibu lile lile: yangefika Jumanne alasiri.

Picha yenye mawingu zaidi ya asilimia arobaini haikuruhusiwa kutolewa kwa umma mpaka ipitiwe na kamati ya ubora, na kamati ya ubora ilikutana kila Alhamisi. Utaratibu huo uliwekwa na watu wazima wenye akili timamu, ili wananchi wasije wakapewa picha mbovu. Hakuna aliyewahi kuuliza mafuriko huja chini ya anga ya namna gani.

Watumiaji wa daraja la kwanza hawakuhusika na kamati. Wao walikuwa na wataalamu wao, hivyo waya wao ulichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta ya pili. Shamba kubwa la miwa liliipata picha saa mbili na dakika arobaini na mbili, pamoja na mawingu yake yote.

Mama Mawingu aliichapisha picha akampelekea mkuu wa usambazaji, mtu mpole aliyemwagilia mwenyewe ua la dirishani kwake.

"Mkuu, hii haiwezi kungoja Alhamisi."

Mkuu aliitazama, kisha akatazama pembeni palipoandikwa asilimia. "Mama, sabini na moja?"

"Nimeyatoa. Tazama hapo chini, maji hayo."

"Nayaona. Sijasema siyaoni." Alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Lakini nikitoa hii leo, kesho nitaambiwa nitoe ya themanini. Utaratibu unamlinda mtumiaji, mama yangu."

"Mtumiaji gani?"

"Wa daraja la tatu," alisema mkuu. "Wa kwanza anajilinda mwenyewe."

Basi Mama Mawingu alitoka nje hadi kwenye ngazi akampigia kaka yake. Simu ililia sana kabla ya kupokelewa, na aliposema habari ya maji, kaka mtu alicheka.

"Mama Mawingu! Mwaka jana ulisema hivi hivi."

"Mwaka jana maji yalikata kona. Mwaka huu nimeyaona, kaka. Kesho alasiri."

"Mimi nakuamini. Wewe ni damu yangu, ukisema hata tembo anakuja nitapanda mti. Sasa niambie, hawa watu wote niwapeleke wapi? Pa kukimbilia ni shule ya kilimani, na mwalimu mkuu hafungui geti bila taarifa yenye muhuri. Mwaka jana alifungua kwa maneno matupu, madawati kumi na moja yakageuzwa kuni. Hata mimi nilimpa haki."

"Mwombe tu."

"Niletee karatasi, mdogo wangu. Ukiniletea karatasi yenye muhuri nitawabeba mgongoni mmoja mmoja." Mtu alikohoa huko nyuma. "Halafu leo matrekta ya shamba la miwa yamepita hapa yote, yanapanda juu. Na mapampu yao. Tumewapungia mikono. Tulidhani wanakwenda kwenye maonyesho."

Mama Mawingu alirudi ndani na kujaza fomu ya kuomba kikao cha dharura cha kamati. Fomu ilihitaji saini za wajumbe watano. Kufikia Jumanne mchana alikuwa amepata nne. Mjumbe wa tano alikuwa safarini, kwenye semina ya namna ya kuwafikishia wananchi taarifa mapema. Saa tisa na robo alipiga tena simu ya kaka yake, na namba ikawa haipatikani.

Kule matanurini walikuwa watu thelathini na mmoja.

Alhamisi saa tatu kamati ilikutana. Picha ilionyeshwa ukutani, ikasifiwa kwa usafi wake, ikapitishwa bila pingamizi. Mjumbe mmoja aliomba kumbukumbu zionyeshe kwamba mawingu yalikuwa yameondolewa kwa ustadi mkubwa. Saa nne na nusu taarifa ilichapwa na kugongwa muhuri. Saa tano wachoma matofali walikuwa wamekwisha kupanga foleni mbele ya kaunta.

Walikuwa wameloa, na udongo wa matofali ulikuwa umewafika kwenye viwiko. Mpokezi aliwaomba wasisogee karibu na mashine ya kunakili, kwa sababu ya maji, akawagawia fomu za watumiaji wapya. Wawili hawakujua kusoma, akawasomea. Kaka mtu alikuwa wa kwanza. Kwenye nafasi iliyoandikwa *Lengo la kutumia data* aliandika neno moja: kuhama.

"Kuhama kwenda wapi?" aliuliza mpokezi. "Mfumo unakataa jibu fupi."

"Andika shuleni."

Mama Mawingu aliteremka ngazi akiwa na kalamu mkononi bado. Walisalimiana kwa kushikana mikono, na mkono wa kaka yake ulikuwa wa baridi kama yale mawingu aliyozoea kuyatoa kwenye mashine.

"Kaka, nilipiga tena."

"Najua. Simu ilikuwa mfukoni, na mfuko ulikuwa majini." Alipokea taarifa, akaikung'uta maji yaliyodondokea juu yake, akaisoma kwa sauti ili wenzake wasikie. "Wakazi wote wa bondeni wanashauriwa kuhamia sehemu za juu kabla ya Jumanne alasiri." Alitikisa kichwa. "Imeandikwa vizuri. Hata mtoto angeelewa."

Nyuma yake mzee mmoja alisema, "Hebu tuuone huo muhuri."

Kaka mtu aliinua karatasi. Wote walinyoosha shingo.

"Ndio huo?"

"Ndio huo," alisema Mama Mawingu.

"Mdogo hivyo," alisema mzee.

Kila mmoja alisaini kwenye daftari la mapokezi. Wakatoka kwa mstari, wakashika barabara ya kilimani. Mwalimu mkuu aliukagua muhuri kwenye mwanga, akapiga simu ofisini kuhakikisha kwamba taarifa ni halali, akaambiwa ni halali kabisa, akafungua geti. Wapo huko hadi leo. Darasa la tano linasomea barazani, na wanafunzi wamezoea. Wachoma matofali hawajagusa dawati hata moja.

Mwisho wa mwaka mkuu wa usambazaji aliwasomea wafanyakazi ripoti. Kwa mara ya kwanza watumiaji wa daraja la tatu walikuwa wamefikiwa kwa asilimia mia: taarifa thelathini na moja zilitolewa, na thelathini na moja zilichukuliwa, kwa mkono, siku ile ile zilipotoka. Watu walipiga makofi. Mama Mawingu alinyoosha mkono.

"Walikuwa wamekufa, mkuu."

"Hilo limeandikwa," alisema mkuu kwa upole. "Ukurasa wa tisa, chini."

Mama Mawingu alisema utaratibu ubadilishwe. Akaambiwa aandike pendekezo, akaliandika, nalo likapelekwa kwenye kamati ya ubora, ambayo ililiweka kwenye ajenda ya Alhamisi, kisha ya Alhamisi nyingine. Mfagiaji aliendelea kubeba viroba. Stoo ilipojaa mtunza stoo alipewa chumba cha pili.

Msimu uliofuata, Jumatatu, iliingia picha yenye mawingu asilimia sitini na nane. Safari hii lilikuwa bonde jingine, la wavuna mchanga. Mama Mawingu aliyakata mawingu akiwa amesimama, akayaona maji, akapima mara mbili. Alipata jibu: Jumatano asubuhi. Alishuka ngazi mbio na karatasi mkononi, akapita kaunta, akielekea kwa mkuu.

"Ngapi?" aliuliza mpokezi.

"Sitini na nane."

Mpokezi aliinuka. Alitandika magunia sakafuni mbele ya kaunta, akasogeza mashine ya kunakili mbali na mlango, akaiwasha.

"Mama," alimwita kabla hajafika mlangoni kwa mkuu. "Huko wanaishi watu wangapi? Nijue nitoe fomu ngapi."