Hakuna Mwenye Maslahi

Mgeni akiingia katika shule ile, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni uwanja. Cha pili ni uwanja tena, safari hii kutoka jukwaani. Nyasi zake zilinyweshewa asubuhi na jioni, ilhali kwenye maabara ya kemia bomba lilikoroma tu bila kutoa tone, na mwanafunzi aliyetaka kufanya jaribio alitumwa na ndoo kwenda kuomba maji kwa mtunza uwanja. Naye mtunza uwanja alikuwa na maringo yake, akikujazia nusu ndoo ujue nani mkubwa. Maktaba ilikuwapo, tusiwasingizie. Ndimo zilimohifadhiwa nyavu za magoli, koni za mazoezi na mashine ya kuchorea mistari. Vitabu vilisukumiwa ukutani huko nyuma, na mwenye shida navyo aliruka nyavu kwanza.

Walimu wa fizikia walikuja na kuondoka. Makocha walizidi kuongezeka, kila mmoja na filimbi yake shingoni. Wazazi walilipa ada ya kutoa machozi, wakaja siku ya mechi na mavuvuzela, wakapiga kelele hadi sauti zikawakauka, kisha wakarudi makwao wakiamini wameona elimu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Chumba cha Nesi wa shule kilikuwa katikati ya chumba cha kubadilishia nguo na ofisi ya Kocha, ili mchezaji mwenye kifundo kilichoteguka asihangaike kutembea. Kilikuwa na kitanda kimoja na jokofu la barafu. Barafu ilikuwa ya kikosi cha kwanza, na kitanda pia. Siku moja alikuja msichana wa kidato cha pili anatetemeka kwa homa, Kocha akamwambia akae nje kwanza, maana winga wa kulia alikuwa amejilaza pale anakandwa paja. Nesi alimkalisha yule msichana kwenye kiti chake mwenyewe, akamfunika kwa koti lake, na hakusema neno. Mwanawe alikuwa akisoma pale kwa nafuu ya ada wanayopewa watoto wa wafanyakazi, na wahenga walishasema, ukila na kipofu usimguse mkono.

Huyo mwanawe wenzake walimwita Akiba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kipa wa akiba. Alikuwa amekalia benchi tangu aingie shuleni mpaka bukta zake zikang'aa nyuma. Mbele yake alisimama Sumaku, kijana mrefu mwenye viganja kama sepeto, ambaye mpira ukienda kwake umekwenda. Shule nzima ilimpenda Sumaku. Kusoma aya moja kulimchukua kipindi kizima, na walimu walijua, na hawakuona tatizo. Kwani mpira unasomwa?

Ilikuwa siku moja kabla ya fainali. Sumaku aliruka kufuata mpira wa kona, akaukosa, akagonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Mlio wake ulisikika hadi chumbani kwa Nesi. Alitoka mbio, na alipofika uwanjani, wa kwanza kumwona hakuwa Sumaku. Alimwona mwanawe pembeni ya mstari, tayari anavaa glavu. Na moyo wake, moyo uleule wa mama na muuguzi, uliruka kwa furaha. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini aliisikia ile furaha waziwazi, akapiga magoti kando ya majeruhi akijionea aibu.

Sumaku alifumbua macho akatapika. Akauliza kama fainali imeshachezwa. Nesi akamwambia ni kesho. Akashukuru kwa adabu, kisha akauliza kama fainali imeshachezwa.

"Hospitali," Nesi alisema. "Sasa hivi. Nahitaji basi."

"Basi ni la Mwenyekiti," Kocha alimjibu akitazama saa. "Hilo haliondoki bila yeye. Na bahati nzuri yupo ofisini kwa Mkuu, ameleta jezi mpya. Twende tukaongee."

Walimbeba Sumaku hadi kitandani. Nesi alimwita Akiba, akamkalisha karibu na kichwa cha mwenzake, akampa ndoo. "Usimwache alale fofofo. Akitapika tena, au akiongea ovyo, nikimbilie."

Ofisini kwa Mkuu wa shule makombe yalijaa mpaka juu ya kabati la mafaili. Mwenyekiti wa bodi alikuwa amejaa kwenye sofa, marundo ya jezi miguuni pake. Mgonjwa yuko taabani kule, lakini Mkuu hakuwa mtu wa kuruka taratibu. Zamani kidogo mkaguzi mmoja aliwahi kuja na kuuliza maswali yake, na tangu siku hiyo kila kikao katika shule ile, hata kiwe cha watu wanne, kilifunguliwa kwa ajenda moja.

"Kwanza tutangaze maslahi," Mkuu alisema. "Kuna mwenye maslahi yoyote katika suala lililo mbele yetu?"

"Sina," alisema Mwenyekiti, ambaye duka lake ndilo liliuza jezi zile, na basi lake ndilo lilibeba timu.

"Sina," alisema Kocha. Huyu dada yake ndiye mke wa Mkuu, na yeye mwenyewe, akivua filimbi jioni, aligeuka kuwa wakala wa klabu moja kubwa ambayo kesho ilikuwa inaleta watu wake kumwangalia Sumaku.

"Na mimi sina," alimalizia Mkuu, ambaye nyumba yake mpya ilikuwa inapauliwa na mafundi wa Mwenyekiti, kwa hisani tu, kama ndugu.

Wakashusha pumzi wote watatu, wakiwa wametakata.

Nesi alieleza alichokiona. Kijana amegonga kichwa, ametapika, hajui leo ni lini. Huenda damu inavuja ndani. Haangaliwi kwa macho huyu, anapigwa picha hospitalini, tena leo. Kesho hachezi, na kesho kutwa pia.

Mwenyekiti akatabasamu.

"Sista, samahani. Kipa wa pili ni nani vile?"

Nesi aliangusha macho kwenye jezi.

"Si mwanao?" Mwenyekiti aliendelea kwa upole. "Na wewe hapo umekaa kimya wakati tunatangaza maslahi. Mkuu, hili si jambo dogo. Hapa kuna mgongano."

"Mgongano mkubwa," Kocha aliitikia. "Mimi nilishangaa, kipa wangu kapata kinundu tu, huyu mama anataka kumlaza wodini."

Nyani haoni kundule, lakini hawa walikuwa wamezidi. Walikuwa wameshona mifuko yao yote kwenye shati la mtoto mmoja, na sasa walimnyooshea kidole mama mmoja mwenye koti jeupe. Nesi angecheka kama lile shtaka lisingekuwa na ukweli ndani yake. Alikumbuka jinsi moyo ulivyomruka pale uwanjani, na akaona njia ni moja tu.

"Sawa," alisema. "Ni kweli ninayo. Basi mwanangu namtoa. Kesho hachezi, nimemtoa mwenyewe mama yake. Sasa sina langu hapa. Sumaku aende hospitali."

Hawakuwa wamezoea kuona mtu akitangaza maslahi kisha akayaacha mezani. Kocha ndiye aliyezinduka wa kwanza, maana ndiye aliyejua kuhesabu makipa.

"Aa, Sista, usifike huko. Mbona unakuwa na hasira za haraka? Sikia. Tuyamalize kifamilia." Alisogeza kiti. "Kesho Sumaku apumzike. Umesema wewe mtaalamu, tunakuheshimu. Akiba adake. Fainali nzima, jezi namba moja, na wale watu wa klabu wako jukwaani wanatazama. Mtoto amesubiri sana yule. Unajua mwenyewe."

"Na hospitali?"

"Hapo sasa," Kocha alisema, sauti ikishuka. "Wale jamaa wakisikia kichwa, mkataba wa Sumaku umekufa. Nani anasajili kipa wa kichwa kibovu? Wewe andika tumbo. Tumbo linamuuma, analala bwenini, baada ya siku chache mambo yanaisha. Unakuwa umemlinda yeye, na mwanao amecheza. Kila mtu anapata chake."

"Wazo zuri," alisema Mkuu.

"La busara," alisema Mwenyekiti.

Msimdhanie Nesi kuwa malaika. Alilipima neno lile, tena kwa muda ambao baadaye alitamani ungekuwa mfupi zaidi. Alimwona Akiba langoni, jukwaa zima likiita jina lake, kijana ambaye kila Jumamosi alirudi nyumbani na glavu safi na kusema, "Labda wiki ijayo, Mama." Neno lenyewe ni jepesi hivyo. Tumbo. Nani amewahi kufungwa kwa kusema tumbo?

"Na akizidiwa huko bwenini?" aliuliza.

"Akizidiwa tutaona," Kocha alisema.

"Tutaona nini?"

"Si tutaona tu."

Nesi aliinuka. Aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima na heshima zao, na akashangaa kwamba miaka yote alikuwa akiwaogopa hawa.

"Funguo za basi," alisema.

"Basi limeoshwa kwa ajili ya kesho," Mwenyekiti alijibu. "Haliwezi kutapikiwa."

Hakubishana naye. Alikwenda moja kwa moja kwenye maabara isiyo na maji, akamkuta mwalimu wa kemia, ambaye alikuwa na kigari chake kikuukuu. Mwalimu yule hakuuliza maslahi ya mtu. Alifuta mikono, akachukua ufunguo. Wakamlaza Sumaku kiti cha nyuma, naye akawauliza kwa adabu kama wanampeleka kwenye fainali.

Kule hospitali walimpiga picha, na mara wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Damu ilikuwa inavuja taratibu chini ya fuvu. Daktari wa zamu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema kwamba angelala bwenini, wangemwamsha wakute amepoa.

Fainali ilichezwa. Kocha alikuwa na Akiba pale pale benchini, amevaa tayari, na Nesi alishatuma ujumbe kutoka hospitali kwamba zuio lake ameliondoa, mtoto adake, maana ukweli umeshasemwa na hauna tena wa kuununua. Lakini Kocha aliona bora ajikate pua kuliko kumpa raha mama yule. Alimvisha glavu beki mmoja mrefu ambaye hajawahi kudaka hata chungwa. Wakafungwa matano. Mwenyekiti alipakia jezi zake, wazazi wakatupa mavuvuzela yao, na wale watu wa klabu waliondoka kipindi cha pili kikiwa hakijapamba moto.

Jioni ile Akiba alirudi nyumbani akaketi mezani. Nesi alikuwa amejiandaa. Angepigiwa kelele, angevumilia. Angenuniwa mwezi mzima, angevumilia pia. Alimpakulia chakula, akamwambia Sumaku amefumbua macho na ameanza kuwatambua watu.

"Afadhali," kijana alisema, na alisema kwa dhati. Akala kidogo. Kisha akamtazama mama yake, bila hasira hata chembe.

"Lakini Mama, si ungesema tumbo tu?"

Nesi aliweka upawa chini.

"Kocha amenieleza. Ungesema tumbo, mimi ningedaka. Mechi ikiisha ungempeleka hospitali kimyakimya. Kila mtu angepata chake."

"Na angekufa kabla ya mechi kuisha?"

"Mbona hakufa?" Akiba alisema.

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mzee hesabu nyepesi. Na ndiye aliyekuwa ameshika ile ndoo. Ndiye aliyekaa karibu na kichwa cha mwenzake akimsikia anavyopotea. Nesi alitafuta machoni mwake yule mtoto aliyemleta katika shule ile, akamkosa. Alikuwa amenyamaza na kuvumilia yote yale ili mtoto apate elimu, na kumbe ameipata, tena barabara. Chakula kilimshinda.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini kwa Mkuu. Aliweka mezani ufunguo wa jokofu la barafu, akasema ameacha kazi, na mwanawe naye anaondoka.

Mkuu aliruka kutoka kitini. "Sista, subiri! Kwa kazi tunaweza kuelewana. Lakini kijana? Sumaku hadaki tena, unajua. Akiba sasa ndiye kipa wetu wa kwanza. Kocha mwenyewe ameshakubali, yamekwisha hayo. Namba moja ni yake!"

"Nimesikia."

"Hata ada tunaifuta yote." Mkuu alionyesha dirishani. Akiba alikuwa nje uwanjani, peke yake, ameshavaa jezi ya namba moja, anajirushia mpira na kuudaka. "Mtazame alivyo na furaha. Usimwonee mtoto. Muulize mwenyewe, atakwambia anataka kubaki."

"Najua anataka," Nesi alisema. "Ndiyo sababu namwondoa."